Postikadi, Albamu za Askari au Nishani: Ulinganisho kwa Anayetaka Kukusanya Kumbukumbu za Mbwa wa Jeshi la Japani

Mtu anayetaka kukusanya picha na vitu vya kumbukumbu vya mbwa waliolitumikia Jeshi la Kifalme la Japani hadi mwaka 1945 hukutana mapema na swali ambalo wauzaji hawamsaidii kulijibu: aanze na nini? Sokoni kuna postikadi zilizochapwa kwa wingi, kuna picha ndogo ambazo askari walizibandika wenyewe katika albamu zao, kuna majarida ya picha ya wakati ule, na kuna vitu vya kushikika kama vile beji, nishani, kola za mbwa, kimono za watoto na vinyago. Aina hizi nne hazilingani kwa bei, kwa ugumu wa kuzitambua wala kwa hatari ya kudanganywa, na zaidi ya yote hazilingani kwa kiasi cha mambo ambayo kila moja inaweza kuyaeleza yenyewe bila muuzaji kuisemea. Kipimo hicho cha mwisho ndicho ninachokitumia hapa, kwa sababu katika uwanja huu maneno ya muuzaji huwa mengi kuliko ushahidi wake.

Ulinganisho hautaeleweka bila kujua vitu hivi vilitoka wapi. Jeshi la Japani lilianza utafiti rasmi wa mbwa wa kijeshi mwaka 1919 katika Shule ya Askari wa Miguu iliyokuwa Chiba, baada ya kuona jinsi majeshi ya Ulaya yalivyowatumia mbwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mbwa wachungaji wa Kijerumani walikuwa tayari wanafahamika kupitia Qingdao, bandari ya Uchina iliyotawaliwa na Wajerumani hadi Wajapani walipoiteka mwaka 1914. Aina tatu ndizo zilizokubaliwa kwa kazi ya jeshi, yaani mchungaji wa Kijerumani, Doberman na Airedale, na ya kwanza ndiyo iliyotamalaki. Mwaka 1932 kikaundwa Chama cha Kifalme cha Mbwa wa Kijeshi, Teikoku Gun'yōken Kyōkai, ambacho wenyewe walikiita KV kwa kuiga vyama vya mbwa vya Ujerumani. Kiliwahimiza raia wafuge na kuzalisha mbwa watakaolifaa jeshi, kikaandaa maonyesho na kutoa jarida lake.

Kilichowafanya mbwa hao wajulikane nyumba hadi nyumba, hata hivyo, hakikuwa chama bali tukio la Manchuria, eneo la kaskazini-mashariki mwa Uchina. Mapigano yalipozuka karibu na mji wa Mukden huko huko Manchuria usiku wa tarehe 18 Septemba 1931, mbwa wawili wa kikosi cha ulinzi wa reli, Kongō na Nachi, waliuawa. Mwaka 1933 walitunukiwa nishani ya heshima ya mbwa wa kijeshi ya daraja la kwanza, na habari yao ikaingizwa katika kitabu cha kusomea cha shule za msingi kama somo lililoitwa "Inu no tegara", ushujaa wa mbwa. Kuanzia hapo picha za mbwa wa jeshi zikatiririka kwa njia mbili zisizofanana. Njia ya kwanza ni ya vitu vilivyotengenezwa ili umma uvione, uvinunue na uguswe navyo. Ya pili ni ya picha ambazo askari walijipigia au kupigiwa kwa ajili yao na jamaa zao. Mkusanyaji anayejua kitu alichokishika kilipitia njia ipi amekwisha kuvuka sehemu ngumu ya safari, na asiyejua atalipa bei ya njia ya pili kwa kitu cha njia ya kwanza.

Postikadi: mahali salama pa kuanzia

Kwa anayeanza, naipendekeza postikadi kuliko aina nyingine yoyote. Ni ya bei nafuu kwa kulinganisha, husafiri ndani ya bahasha ya kawaida, na ina faida moja ambayo picha ya albamu haina: upande wake wa anwani hueleza umri wake hata kama mnunuzi hajui Kijapani. Postikadi za Japani zilizochapwa kuanzia mwaka 1907 zina mstari unaotenga theluthi moja ya upande huo kwa ajili ya ujumbe. Kuanzia mwaka 1918 mstari ulisogezwa katikati. Hadi mapema mwaka 1933 maandishi ya juu yalisomeka "yūbin hakaki", na herufi か ikiandikwa bila vistari viwili vidogo begani mwake; baada ya hapo vistari hivyo vikaongezwa, herufi ikawa が. Hadi mwisho wa vita maneno hayo yaliandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na baada ya vita yakageuzwa kwenda kulia. Kwa alama hizo tatu tu, yaani mahali ulipo mstari, vistari vya herufi na mwelekeo wa maandishi, mtu anaweza kuigundua postikadi inayouzwa kuwa ya mwaka 1931 ilhali maandishi yake yanakwenda kutoka kushoto, na akaiacha bila mabishano.

Faida ya pili ni mihuri. Askari aliyekuwa vitani alituma barua bila kulipia stempu, na kadi yake ilibeba maneno 軍事郵便, yaani posta ya kijeshi, pamoja na alama ya kuonyesha kwamba imekaguliwa na muhuri mdogo wa ofisa aliyeikagua. Kadi yenye picha ya mbwa mjumbe, iliyoandikwa kwa mkono wa askari na kupigwa mihuri hiyo, ina thamani mara kadhaa ya kadi tupu ya picha ileile, na kwa maoni yangu tofauti hiyo ya bei ni ya haki. Kadi tupu inaonyesha tu kwamba mtu aliichapa. Iliyotumwa inaonyesha kwamba mtu aliichagua, akaishika na kuipeleka nyumbani. Usitarajie kusoma mahali alipokuwa askari huyo, kwa kuwa ukaguzi haukuruhusu; mara nyingi utapata jina la kikosi na salamu za kawaida.

Udhaifu wa postikadi ni kwamba picha yake imepangwa. Mbwa amesimama juu ya kilima akitazama mbali, mwongozaji wake amepiga goti pembeni, mawingu yamekaa vizuri nyuma yao, na nyingine si picha za kamera bali ni michoro ya rangi. Anayetafuta kujua mbwa alivyolishwa, alivyolala au alivyofungwa ndani ya lori hatayaona hayo hapa. Atakachoona ni kile ambacho wenye mamlaka walitaka mtoto wa shule wa Osaka akiwaze kuhusu mbwa, na hilo lenyewe ni somo kubwa, mradi mkusanyaji asilichukue kuwa maisha halisi ya kambini.

Jambo moja la ufundi halina budi kufahamika kabla ya kulipa. Kwa kutumia kioo cha kukuzia, tazama sehemu ya kijivu ya picha. Ukiona nukta zilizopangwa kwa safu, hiyo ni kazi ya mashine ya kuchapia. Ukiona mikunjomikunjo midogo isiyo na mpango, ni uchapaji wa kolotaipu, uliopendwa sana Japani. Na ukiona weusi unaofifia polepole bila nukta wala mikunjo, hiyo ni picha halisi iliyosafishwa juu ya karatasi ya postikadi. Aina hii ya tatu ndiyo adimu kuliko zote, kwa kuwa hutengenezwa nakala chache, wakati mwingine na mpiga picha wa mtaani karibu na kambi, na inastahili kulipiwa zaidi hata ikiwa sura yake si nzuri.

Picha za askari: ushahidi mzito, mtego mkubwa

Picha zilizotoka katika albamu za askari ndizo kiini cha mkusanyiko wowote wa maana, na hizo hizo ndizo zinazopoteza fedha za watu wengi. Uzuri wake ni kwamba hazikukusudiwa sisi. Mbwa huonekana akijikuna, akiwa amefungwa kwenye kigingi nje ya banda, akikataa kutazama kamera, au akibebwa na kijana asiye na cheo ambaye anacheka waziwazi kwa namna ambayo postikadi isingeiruhusu. Nyingi ni ndogo, za ukubwa wa kiganja au chini ya hapo, kwa kuwa zilichapwa moja kwa moja kutoka kwenye filamu bila kukuzwa, na baadhi zina maelezo ya wino mweupe pembeni, kwenye karatasi nyeusi ya albamu, yakitaja mwezi, mahali na pengine jina la mbwa.

Maelezo hayo ndiyo yanayoamua kila kitu. Wauzaji wengi huibomoa albamu na kuuza picha mojamoja, kwa sababu picha moja ya mbwa, moja ya kifaru na moja ya ndege huleta fedha nyingi zikitengana kuliko zikiwa pamoja. Mnunuzi anayepata picha ya mbwa iliyokatwa hivyo hupata mnyama asiye na mahali, asiye na mwaka na asiye na mwenziwe. Kati ya picha kumi zilizobanduliwa na ukurasa mmoja mzima ambao haujaguswa, mimi ningechukua ukurasa, hata ukiwa na picha moja tu ya mbwa na tano za milima na mito, kwa sababu milima hiyo pamoja na picha za ukurasa huo ndizo zitakazoonyesha kwamba tuko Uchina kaskazini na si katika uwanja wa mazoezi wa Chiba. Albamu nzima ni bora zaidi, ingawa bei yake inaweza kumfanya mtu asubiri muda mrefu, na si kila albamu inayotangazwa kuwa na mbwa ina mbwa wa jeshi; mara nyingine ni mbwa koko tu aliyepewa makazi na kikosi.

Sare ya mwongozaji hutoa tarehe kwa uhakika kuliko mnyama mwenyewe. Sare ya mwaka 1930 ina kola iliyosimama, na cheo huvaliwa begani; ile ya mwaka 1938 ina kola iliyolala, na cheo kimehamia kwenye kola. Sare ya zamani iliendelea kuvaliwa na baadhi ya askari baada ya mpya kutoka, kwa hiyo kola iliyosimama haithibitishi kwamba picha ni ya kabla ya 1938, lakini cheo kikiwa kwenye kola, picha haiwezi kuwa ya tukio la Manchuria la 1931, hata muuzaji aapeje. Nimeona wauzaji wakiipachika picha ya mchungaji yeyote wa Kijerumani jina la Kongō au Nachi. Mkusanyaji aliyekwisha kuijua kola anaachana na madai hayo mara moja.

Lipo pia tatizo la mbwa wa upande wa pili. Jeshi la wanamaji wa nchi kavu la Marekani lilipeleka mbwa wake, wengi wao Doberman, katika kisiwa cha Bougainville mwaka 1943 na Guam mwaka 1944, na huko Guam kuna makaburi ya mbwa 25 na sanamu ya ukumbusho iliyowekwa mwaka 1994. Picha za mbwa hao ni nyingi na nzuri, na mara kwa mara hujikuta katika mafungu yanayouzwa kuwa ya Kijapani kwa sababu tu nyuma yake pameandikwa jina la kisiwa cha Pasifiki. Tazama kofia ya chuma, viatu, na namna mkanda wa bunduki ulivyovaliwa. Kofia ya Kijapani huwa na nyota mbele na umbo la bakuli lenye ukingo mwembamba. Ya Kimarekani hushuka zaidi masikioni.

Kundi jingine linalochanganywa ni la mbwa wa raia. Mwanamume aliyevaa suti au kimono, amesimama uwanjani na mbwa mchungaji mwenye utepe shingoni, kwa kawaida ni mwanachama wa KV kwenye maonyesho, si askari. Shirika la Reli ya Manchuria Kusini nalo lilikuwa na mbwa wa kulinda njia na maghala, na walinzi wake walivaa sare ambazo jicho la haraka huziona za kijeshi. Wakusanyaji wengi huzidharau picha hizi za raia na bei yake hubaki chini. Mimi naziona kuwa fursa, kwa sababu bila wafugaji wale jeshi lisingepata mbwa, na picha za familia ikimuaga mbwa wake anayekwenda vitani, huku wakishika bendera na mabango kama wanavyomuaga kijana aliyeandikishwa, hueleza vita ilivyoingia majumbani kuliko picha kumi za mazoezi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna njia moja ya ziada ambayo picha za Kijapani zingeweza kumfikia. Askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland, waliokuwa wakizungumza Kiswahili jeshini, walipigana na Wajapani huko Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafuata katika bonde la Kabaw mwaka 1944 hadi Kalewa. Katika vita ile, kama katika vita nyingine, askari waliokota karatasi na picha kwenye mahandaki yaliyoachwa. Familia ikikuonyesha bahasha ya babu yenye picha za aina hiyo, kazi ya kwanza ni kuandika yale wanayoyakumbuka kuhusu babu huyo na kikosi chake, na mazungumzo ya bei yakae kando, kwa maana historia hiyo ikishapotea picha itarudi kuwa ya mtu asiyejulikana.

Na picha hizo zina watu. Baadhi ya vijana walioshika kamba za mbwa hawakurudi kwao, na majina yao yameandikwa nyuma ya picha. Kuna taasisi kama OBON Society, yenye makao yake Marekani katika jimbo la Oregon, ambayo hushughulika na kuzirudishia familia za Japani bendera na vitu vya binafsi vilivyochukuliwa vitani. Anayenunua picha yenye jina kamili na mkoa wa askari anapaswa kuamua mapema atafanya nini familia ikijitokeza. Vilevile upande wa pili wa picha usisahaulike: reli, maghala na kambi ambazo mbwa hao walizilinda zilikuwa katika nchi ya watu wengine, na Wachina waliopita mbele ya meno yale hawaonekani mara nyingi katika albamu hizi. Sifahamu namna ya kukusanya picha hizi kwa uaminifu bila kulitaja hilo katika maelezo ya kila ukurasa.

Majarida ya picha: nunua kidogo, soma kingi

Hapa uamuzi ni mwepesi, na sitakawia. Jarida la serikali la Shashin Shūhō, lililotoka kila wiki kuanzia mwaka 1938 hadi 1945 na kuuzwa kwa sen 10, yaani sehemu ya kumi ya yen, lina picha za wanyama wa jeshi, na nakala zake zimewekwa kwenye mtandao bila malipo na Kituo cha Japani cha Kumbukumbu za Historia ya Asia. Asahi Graph, jarida la picha la kampuni ya gazeti la Asahi, nalo hupatikana kwa urahisi katika maduka ya vitabu vya zamani. Kwa kuwa karatasi ya miaka ya mwisho ya vita ilikuwa duni, nakala halisi hugeuka kahawia na kuvunjika kingoni, na mnunuzi aliye mbali hulipia uzito mkubwa wa usafirishaji kwa ajili ya picha moja ya mbwa iliyo ukurasa wa ndani. Nafuu ni kulisoma jarida mtandaoni, kuandika namba ya toleo, na kununua toleo moja au mawili tu ambayo mbwa yuko kwenye jalada.

Kinachofaa kujulikana kuhusu majarida ni ukaguzi. Picha za magazeti zilipitia jeshini kabla ya kuchapwa, na zile zilizokataliwa zilipigwa muhuri wa 不許可, yaani hairuhusiwi. Ukiipata picha ya gazeti ambayo haikuchapwa, yenye muhuri huo nyuma, umepata kitu kinachozidi jarida lolote kwa thamani, lakini pia umepata kitu ambacho mtu mwenye muhuri wa mpira anaweza kukibuni kwa dakika moja. Usinunue bila kuona pande zote mbili za picha.

Nishani, kola na vinyago

Vitu vya kushikika huvutia macho kuliko karatasi, na ndiyo maana navitaja mwisho. Nishani za mbwa zilitolewa kwa wanyama wachache waliotajwa rasmi. Kipande cha chuma chenye sura ya mbwa na nyota ya jeshi, kinachouzwa kwa maneno "nishani ya mbwa shujaa", kwa kawaida ni beji ya mwanachama wa KV, zawadi ya maonyesho, au kitu kilichotengenezwa juzi. Beji za KV ni halali kabisa kukusanywa na zina uzuri wake; ubaya huanza pale zinapouzwa kwa jina la nishani. Kola za ngozi ni ngumu zaidi, kwa kuwa kola ya mbwa wa jeshi isiyo na alama iliyogongwa haitofautiani na ya mbwa wa mkulima, na ngozi ya zamani haitaji jeshi lililoitumia. Bila picha inayoonyesha kola ileile shingoni mwa mbwa, au barua ya familia iliyoitunza, nakushauri uiache.

Kimono za wavulana za miaka ya 1930, zilizochapwa picha za askari, ndege, njiwa wa barua na mbwa, ziko katika hali tofauti. Hizi zilikuwa nguo za watoto kweli, mitindo yake inafahamika, na kitambaa ni kigumu kughushi kwa bei inayomlipa mghushi. Anayependa historia ya maisha ya nyumbani atazipenda kuliko nishani. Vinyago na katuni vinahitaji tahadhari ya namna nyingine: Norakuro, mbwa mweusi wa mtaani anayejiunga na jeshi la mbwa katika hadithi za picha za Tagawa Suihō, alitokea katika jarida la watoto Shōnen Kurabu kuanzia mwaka 1931 hadi 1941, lakini vitabu vyake vilichapwa upya baada ya vita na vinyago vyake vikaendelea kutengenezwa, kwa hiyo vingi vilivyo sokoni havina uhusiano na wakati wa vita. Hachikō naye, mbwa wa aina ya Akita aliyekufa tarehe 8 Machi 1935 na ambaye sanamu yake iko mbele ya kituo cha Shibuya, hakuwa mbwa wa jeshi hata siku moja. Jina lake huwekwa kwenye matangazo ili kuvuta wateja. Uhusiano wake wa kweli na vita ni kwamba sanamu yake ya kwanza, ya shaba, iliondolewa mwaka 1944 katika ukusanyaji wa metali kwa ajili ya vita, na iliyopo leo ni ya mwaka 1948.

Kuna karatasi za kundi hili ambazo ningezitafuta kwa bidii kuliko beji yoyote, nazo ni matangazo na vipeperushi vya mwisho wa mwaka 1944, serikali ilipowataka raia watoe mbwa wao wa kufuga, wengi wao kwa ajili ya ngozi. Hazina sura ya kishujaa, na huenda ndiyo sababu wauzaji huzitupa chini ya fungu. Ukiziweka karibu na postikadi ya mwaka 1933 zitaeleza mwisho wa jambo ambalo postikadi inaeleza mwanzo wake. Sanamu ya mbwa wa jeshi iliyoko katika hekalu la Yasukuni huko Tokyo, iliyowekwa mwaka 1992, haina uhusiano na karatasi za namna hiyo. Postikadi na zawadi zenye picha yake ni kumbukumbu za ukumbusho wa baadaye, na ziorodheshwe hivyo.

Mahali pa kununua na namna ya kutunza

Mnada wa mtandaoni wa Yahoo wa Japani ndio wenye vitu vingi zaidi, na asiyeishi huko hununua kupitia kampuni zinazonunua kwa niaba, ambazo huongeza ada yao juu ya bei na usafirishaji. Maduka ya eneo la Jinbōchō jijini Tokyo hutoa maelezo mazuri zaidi lakini bei yao haishuki. Tafuta kwa herufi za Kijapani, 軍犬 au 軍用犬 kwa mbwa wa jeshi na 絵葉書 kwa postikadi za picha, kwa sababu anayetafuta kwa Kiingereza hupata wauzaji wa mkono wa pili waliokwisha kupandisha bei. Kwa picha za askari, mwombe muuzaji aikague karatasi chini ya mionzi ya urujuanimno kabla hujalipa. Taa ndogo kama zile za kukagulia noti bandia katika maduka ya kubadilisha fedha inatosha. Karatasi ya picha iliyotengenezwa tangu miaka ya 1950 kwa kawaida hung'aa rangi ya buluu chini ya mionzi hiyo, na ya kabla ya hapo haing'ai. Kutong'aa hakuthibitishi uhalisi, lakini kung'aa huondoa ubishi.

Hali ya hewa ya mahali unapoishi inapaswa kuingia katika uamuzi. Aliye Mombasa, Tanga au Zanzibar atapambana na unyevu unaozalisha kuvu juu ya picha na kutu ya kijani juu ya beji za shaba, na albamu ya karatasi nyeusi hunyonya unyevu huo kuliko postikadi iliyo peke yake. Kwake yeye postikadi chache ndani ya mifuko ya poliesta, katika sanduku lililofungwa lenye vifuko vya kunyonya maji, ni chaguo la busara kuliko albamu tatu. Aliye Nairobi au Arusha ana nafasi zaidi. Mifuko ya plastiki laini yenye PVC iepukwe kila mahali, na picha zilizobandikwa zisibanduliwe hata gundi ikionekana kulegea.

Mwenye fedha kidogo na nafasi ndogo anaweza pia kuchagua kukusanya nakala za kidijitali tu. Kwa sheria ya Japani, haki miliki ya picha zilizochapishwa kabla ya mwaka 1957 imekwisha, na vilevile ya zile zilizopigwa kabla ya mwaka 1946 ambazo hazikuwahi kuchapishwa, kwa hiyo kuzinakili na kuzionyesha hakuvunji haki ya mpiga picha. Nyuso na majina ya askari hubaki kuwa suala la heshima kwa jamaa zao. Awe amenunua karatasi au amehifadhi nakala, apige picha pande zote mbili za kila kitu, aandike alikipata kwa nani, lini na kwa maneno gani ya tangazo, na tangazo lenyewe alihifadhi, kwa kuwa muuzaji akishafunga ukurasa wake maelezo yale hayapatikani tena.